Mpwa Wangu, Mguu Ukipoa Usinisahau

Ondoa shuka mguuni kwanza, mpwa wangu, na usijikaze kiume. Najua hata kitambaa chepesi hakivumiliki hapo, na mtu akipita chumbani unamsikia kwenye kidole. Thomas Sydenham, tabibu wa Uingereza aliyeugua maradhi haya mwenyewe, aliyaandika hivyohivyo mwaka 1683: mtu analala mzima, mnamo saa nane za usiku anaamshwa na kidole gumba cha mguu, na baada ya muda hawezi kustahimili uzito wa shuka wala kishindo cha mtu chumbani. Zaidi ya miaka 300 imepita, na wewe huko Runyenjes umeamka saa ileile kwa kilio kilekile. Jongo, hiyo gauti yenu, halijabadilisha ratiba.

Sitakutupia methali ya asiyesikia la mkuu. Guu lako limekwisha kupata la kulitosha. Tena nimechoka. Haya ninayokuambia nimewaambia kaka zako, nimewaambia majirani hapa Meru, nimemwambia mwalimu mwenzangu mstaafu ambaye kila Januari hunijia kiatu kimoja kikiwa mguuni na kingine mkononi. Wote husikiliza. Wote huitikia kwa kichwa. Mguu unapoa, na maneno yangu yanakwenda na maji ya Kathita hadi sikukuu nyingine. Nitayasema tena, kwa kuwa wewe ni mtoto wa dada yangu.

Lala chali, weka mito miwili au gunia lililokunjwa chini ya mguu, uinuke juu. Usiuning'inize. Usipande pikipiki usiku huu ukiwa umeuachia mguu hewani, kila shimo la barabara likikutoa machozi. Kama ni lazima utoke, tafuta gari ambamo utaunyoosha. Mwambie mkeo aloweshe taulo kwa maji ya baridi, aliweke juu ya kiungo kwa dakika kama 20, aliondoe, baadaye alirudishe. Aliye na jokofu atafunga barafu ndani ya kitambaa. Asiye na jokofu, na tuko wengi, maji ya mtungi uliolala nje kwenye baridi ya mlimani yanatosha. Na unywe maji, isipokuwa daktari amekuwekea mpaka wa maji kwa ajili ya moyo au figo.

Sasa usikilize ya kukatazwa, maana ndiyo yanayofanywa kwanza katika nyumba zetu. Usikandwe kwa maji moto. Usichuliwe na yule mama anayejua mishipa. Usichapwe na thabai, wala usipakwe dawa ya kuchoma mpaka ngozi ibabuke. Kiungo chako tayari kinawaka kutoka ndani, na anayekibonyeza anazidisha ghasia ambayo mwili wenyewe umeianzisha.

Ghasia yenyewe ni hii. Mwili ukivunjavunja vitu viitwavyo purini, vya chembe zake wenyewe na vya chakula, hubaki asidi ya yuriki. Figo huitoa nyingi, utumbo hutoa iliyosalia. Kwa watu wengi wenye jongo, shida kubwa ni figo zisizoitoa vya kutosha, jambo ambalo mara nyingi mtu huzaliwa nalo. Asidi ikizidi kwenye damu kwa miaka, huganda viungoni kuwa fuwele, kama chumvi inayobaki chini ya sufuria maji yakikauka. Tena hupenda kuganda penye baridi, na hakuna mahali pa mwili palipo mbali na joto la moyo kama kidole cha mguu. Wazee waliosema baridi ya Timau na Kibirichia inaingia kwenye mifupa hawakuwa wajinga. Walichokosa ni nusu ya habari. Siku moja askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu, huzigundua zile fuwele zilizochongoka kama sindano na kuzivamia. Uvimbe, wekundu, joto na maumivu unayoyaona ni vita vyao. Fuwele zilikuwapo muda mrefu kabla ya usiku huu.

Nakueleza haya kwa urefu kwa sababu najua kinachofuata. Jana mlikuwa kwenye sherehe. Ni Desemba, wavulana wametoka jandoni, mbuzi wamechinjwa, na wewe ulikaa mahali pa heshima ukaletewa maini, figo na mutura, bia ikisukuma nyuma. Usiku mguu ukashika. Kesho asubuhi atatokea mtu wa kukuuliza, kwa sauti ya chini, ulikanyaga nini langoni kwa yule jirani. Nimeona ndugu wakikosana miaka kwa swali hilo. Ushahidi unaonekana kamili: alikula kwa fulani, akalala mzima, akaamka kiwete, tena bila kuanguka wala kujikwaa. Lakini ndivyo jongo lifanyavyo kazi. Karamu yenye nyama nyingi na pombe huipandisha asidi ghafla, mtu anakosa maji mwilini, usiku mguu unapoa, na vita vinaanza. Jirani hana hatia. Kama ni kumshtaki mtu, shtaki sahani.

Kuhusu dawa, saa zina thamani kuliko jina la dawa. Anayetibiwa ndani ya saa 12 za kwanza hupata nafuu mapema kuliko anayengoja siku tatu akipima ushujaa wake. Ukiachwa bila dawa, mguu wenyewe utapoa baada ya wiki moja au mbili, na hilo ndilo linalowadanganya watu kwamba ile mitishamba waliyokunywa siku ya tisa ndiyo iliyowaponya.

Kuna kolchisini, dawa ya kale iliyotoka kwenye ua fulani la Ulaya na Asia. Kipimo cha siku hizi ni kidogo: miligramu moja shambulio linapoanza, nusu miligramu baada ya saa moja, basi kwa siku hiyo. Zamani wagonjwa walimezeshwa mpaka waharishe. Hilo limeachwa, maana kipimo kikubwa hakikuleta nafuu zaidi, kiliongeza sumu tu. Mwenye figo mbovu, au anayemeza antibiotiki iitwayo klarithromaisini, asiiguse mpaka daktari aseme.

Kuna hizi za diklofenaki, ibuprofeni na naproksini, ambazo kemisti yeyote kati ya Chuka na Maua atakupa hata hujamaliza kueleza. Zinafanya kazi, sikatai. Lakini huyo wa kemisti hakukuuliza kama una vidonda vya tumbo, kama presha yako iko juu, kama moyo au figo zina shida. Mwenye shida hizo anaweza kuupoza mguu na kulala wodini kwa kutapika damu. Kwake yeye daktari huchagua prednisoloni kwa siku tatu hadi tano, akiiangalia sukari ya mwenye kisukari, kwa kuwa dawa hiyo huipandisha. Vile vidonge vya rangi tatu vinavyofungwa pamoja kwenye kikaratasi bila jina, vikatae. Na ule unga wa kahawia unaosifiwa ndani ya matatu kwamba unatibu viungo, meno na nguvu za kiume, uukimbie. Baadhi ya unga wa namna hiyo huchanganywa kimyakimya na steroidi, ndiyo maana hukupa nafuu ya haraka, halafu uso unavimba, mifupa inadhoofika na sukari inapanda huku ukiamini unakunywa mizizi.

Aspirini usiitafute kwa maumivu haya. Kipimo kidogo chake huzuia figo kuitoa asidi. Ila kama daktari alikupa ya moyo, usiiache kwa sababu yangu.

Hapa nitakaza sauti kidogo. Kama hii ni mara yako ya kwanza, au una homa ya kutetemeka, au kiungo kina kidonda karibu, au una kisukari, usikae nyumbani ukisema mjomba alishanieleza. Kuna usaha wa ndani ya kiungo unaofanana sana na jongo, na huo huharibu goti au kifundo ndani ya siku chache, hata kuua. Nenda hospitali ya rufaa ya Embu, au kama uko upande huu, ile ya Meru. Kuna Chogoria, ambako wamisionari wa Kiskoti walianza kutibu watu mwaka 1922. Kuna Maua ya Wamethodisti na Nkubu ya Wakatoliki. Daktari akisema atavuta maji ya kiungo kwa sindano, mruhusu. Kipimo hicho ndicho kinachokata maneno, kwa sababu fuwele zenyewe huonekana kwa hadubini.

Nasema hivyo kwa kuwa huku kwetu kila kiungo kinachouma huitwa brusela. Mtu anaingia kliniki ndogo sokoni, anachomwa kidole, tone la damu linachanganywa na tone la dawa, linaonekana limegandana, anatoka na sindano za wiki kadhaa. Brusela ipo, na maziwa yasiyochemshwa huileta. Lakini kile kipimo cha matone kinajulikana kwa kusema ndiyo mahali pa hapana, na brusela haina tabia ya kumwamsha mtu saa nane za usiku kwa kidole kimoja kilichoiva. Upande wa pili, kipimo cha asidi ya yuriki kikichukuliwa katikati ya shambulio huweza kuonyesha kiwango cha kawaida, na mtu akaambiwa hana jongo. Kirudiwe baada ya wiki mbili hivi, mwili ukiwa umetulia.

Haya, tuseme mguu umepoa. Hapa ndipo ninapowapoteza.

Mara tu mtu anapovaa kiatu tena, huanza kuogopa vitu visivyo na kosa. Atakuambia aliambiwa aache maharagwe, njahi, ndengu, hata mboga za kienyeji. Nimewaona wazee wakiinyima miili yao githeri, halafu Jumapili wanakaa mbele ya nyama choma. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanaume 47,150 kwa miaka 12. Waliokula nyama nyingi na vyakula vya baharini walipatwa na jongo zaidi. Waliokula mboga na jamii ya maharagwe zenye purini hawakuzidishiwa hatari. Waliokunywa maziwa, hasa yasiyo na mafuta mengi, walikuwa na hatari ndogo. Kwa hiyo kula githeri yako, kula mukimo, kunywa mala. Punguza nyama nyekundu, na maini, figo na matumbo yaachie wengine, pamoja na ile supu nzito ya kichwa mnayosema inaondoa uchovu. Omena pia zina purini nyingi. Najua vipande vya mbuzi vina wenyewe, na kukataa unachopewa na wazee si jambo dogo. Pokea kwa mikono miwili, onja kwa heshima, mpe kijana aliye karibu. Sijasikia wazee wa baraza la Njuri Ncheke wakimtoza mtu faini kwa kugawa maini yake.

Kahawa nayo inachekesha. Embu na Meru, pamoja na Kisii, zilikuwa mahali pa kwanza Kenya ambapo wakoloni waliwaruhusu Waafrika kulima kahawa, katika miaka ya 1930. Tumeilima tangu wakati wa baba zetu, tumeigombania kwenye vyama vya ushirika, na nyumbani tunakunywa chai. Uchunguzi mwingi umeonyesha wanywaji wa kahawa hupatwa na jongo kidogo kuliko wasioinywa. Siiti dawa. Ila kama unapenda kikombe kimoja cha mavuno yako mwenyewe, bila kuijaza sukari, usione haya.

Bia ndiyo mbaya, na hapa sina upole. Pombe huzuia figo kuitoa asidi, na bia huongeza purini zake yenyewe, ndiyo maana inazidi hata pombe kali kwa hatia hii. Tangu bia ya Senator Keg ianze kutengenezwa kwa mtama, mtama aina ya gadam wa Tharaka na Mbeere umepata soko, na siwezi kumlaumu mkulima wa nchi kavu kwa kuuza alichovuna. Uuze, mpwa wangu. Kuuza na kunywa ni mambo mawili. Na usinijie na habari ya muratina kwamba ni asali na kwa hiyo ni tiba. Nimewasikia wenzangu wa rika langu wakisema hivyo wakiwa wameshika pembe mkono mmoja na fimbo ya kutembelea mkono mwingine.

Vijana wenu wana njia yao. Kijana anakaa usiku kucha na miraa ya Igembe, au muguka wa Mbeere, shavu limejaa, na pembeni chupa ya soda, halafu nyingine, ili kuondoa uchungu. Maji hayagusi. Kuelekea alfajiri anatafuta bia ya kumletea usingizi. Siishtaki miraa kwa jongo. Nashtaki soda: sukari ya matunda iliyomo ndani yake huufanya mwili utengeneze asidi ya yuriki zaidi, na wanaume wanaokunywa soda za sukari kila siku wamethibitishwa kupata jongo zaidi kuliko wasiokunywa. Anayelazimika kutafuna atafune akinywa maji. Ni ushauri mdogo, na bado sijapata wa kuufuata.

Uzito nao upunguze, polepole. Kufunga ghafla mpaka ushinde na njaa siku tatu kunaweza kuleta shambulio jingine.

Lakini nitakudanganya nikikuambia chakula peke yake kitamaliza neno hili. Chakula hupunguza asidi kidogo tu. Mtu anayeshikwa mara mbili au zaidi kwa mwaka, au aliyeanza kuota vinundu kwenye viwiko, vidole au masikio, au mwenye figo zilizoguswa, anahitaji dawa ya kuishusha asidi yenyewe. Inayojulikana zaidi ni alopurinoli. Ilitoka kwenye maabara ya Gertrude Elion na George Hitchings huko Marekani, ikaidhinishwa huko mwaka 1966, na wawili hao wakatuzwa Nobeli mwaka 1988 kwa kazi yao ya dawa. Ni kidonge cha kila siku, cha bei ya watu wa kawaida. Huanza kwa miligramu 100 au chini yake, hupandishwa taratibu huku damu ikipimwa, mpaka asidi ishuke chini ya maikromoli 360 kwa lita. Hapo fuwele za zamani huanza kuyeyuka, kwa miezi na miaka.

Na hapa ndipo wengi huanguka. Miezi ya kwanza ya alopurinoli, fuwele zinapoanza kulegea, mguu unaweza kushika tena. Mtu anasema dawa imeniongezea ugonjwa, anaitupa. Yule mwalimu wangu wa Januari ameitupa hivyo, ameirudia, ameitupa tena. Daktari anayejua kazi yake hutoa kolchisini kidogo ya kukinga kwa miezi mitatu hadi sita ya mwanzo, ili upite salama. Ukishikwa ukiwa umo kwenye alopurinoli, usiiache. Tibu shambulio, endelea na kidonge. Sababu ya kuiacha mara moja ni upele wa ngozi, hasa ukiambatana na homa au vidonda mdomoni. Hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.

Nimebakiza neno la mama yako. Watu husema jongo ni ugonjwa wa wanaume wenye pesa, na kwa sababu hiyo dada yangu akilalamika kifundo hakuna anayemsikiliza. Anaambiwa ni uzee, ni shamba, ni kuni. Homoni za kike humkinga mwanamke kwa miaka mingi, na hedhi ikikoma kinga hiyo hupungua. Yeye amevuka hapo zamani, na presha yake inatibiwa kwa kile kidonge cha kukojoza, ambacho huzuia asidi isitoke. Asikiache kwa hofu, presha itamuua kabla ya kidole. Amuulize daktari kama kinaweza kubadilishwa. Kuna dawa za presha, kama losatani, ambazo huishusha asidi kidogo.

Huu mguu wako utapoa. Utavaa kiatu, utapanda shambani, utaanza kuniambia kwenye simu kwamba ilikuwa ni viatu vipya tu. Kabla hujafika hapo, hesabu wiki mbili tangu maumivu yaishe, panda gari uende Embu, upime asidi ya yuriki na figo, na safari hiyo umchukue mama yako naye apimwe.